Kadi za Mahonge

Siku zote Mwinshehe alianza maneno yake akiwa bado mbali. Alikuwa karani wa simu katika stesheni ya Munisagara, na kwa kabila lake alikuwa mtani wa nyumba ya katekista Danieli, basi kabla hujamwona ungemsikia: "Ninyi watu wa mlimani, mmeshakula, au mnangoja nipite ndipo mpakue?" Jumanne ile ya Januari 1977 alikuja kimya. Costancia, binti wa Danieli, mwalimu wa darasa la pili, alikuwa amewatoa watoto nje ili wafagie uwanja. Akamwona Mwinshehe akitembea juu ya mataruma ya reli, kofia ya kazi mkononi, suruali imelowa tope hadi magotini. Akangoja amtanie. Mwinshehe akanyamaza mpaka alipomfikia.

"Shikamoo, kaka Mwinshehe."

"Marahaba, mwalimu. Mzee yuko wapi?"

"Yuko kanisani, anaziba paa. Kuna nini?"

"Twende wote, nikamweleze na wewe upo."

"Nieleze hapa."

Mwinshehe akaigeuzageuza kofia yake. "Simu imetoka Kilosa, na Kilosa wamepigiwa kutoka Mikumi. Ni Urbanus. Alifika pale Jumapili akiwa na homa kali, wakampeleka zahanati. Leo alfajiri Mungu amemchukua."

Watoto waliendelea kufagia. Costancia akasikia mdomo wake ukiuliza, "Na sanduku?"

"Sanduku gani tena, dada yangu?"

"Sanduku la kadi. Alikuwa nalo. Limefika?"

Mwinshehe akamtazama kama mtu anayemtazama mwehu. Hapo Costancia akaona haya, haya iliyomkaa moyoni kwa miaka mingi baadaye, kwamba neno lake la kwanza baada ya kifo cha kaka yake halikuwa dua wala kilio, lilikuwa kuuliza sanduku. Akaketi chini, pale pale kwenye vumbi la mafagio, akalia.

Urbanus alikuwa mtoto wa kwanza wa Danieli, naye Costancia alikuwa wa mwisho. Kati yao walizaliwa watatu, na hao watatu hawakukaa duniani. Kwa hiyo Urbanus alikuwa kaka na nusu ya baba. Alimsomesha Costancia sekondari kwa mshahara wake, na kila likizo alimpokea stesheni ya Kilosa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kalamu ya risasi nyekundu imechomekwa mfukoni.

Alisoma shule ya misheni, akafanya kazi kidogo kwenye mashamba ya mkonge akiandika mizigo, kisha mwaka mmoja baada ya Uhuru akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa mazao karibu na Kilosa kuwa karani wa hesabu. Watafiti walipima mtama, mahindi na pamba, wakaleta vitabu vyao, naye akajumlisha kwa mashine ya mkono yenye mpini. Mwaka 1969 wakampeleka Dar es Salaam miezi sita akajifunze kutoboa kadi na kuhudumia kompyuta. Akarudi na maneno mapya na makasha mawili ya kadi zilizoharibika. Mama yake, ambaye alikuwa hai bado, alizitumia kadi zile kuchotea unga.

"Hiyo mashine ikoje?" Mwinshehe alimwuliza wakati ule, wakiwa wameketi barazani.

"Ni kubwa kuliko chumba hiki, na chumba chake ni baridi kama kule mlimani mwezi wa saba. Inasoma matundu ya kadi. Lakini yenyewe haijui ianze na kazi ya nani. Wapo watu wa maji, watu wa barabara, watu wa chuo, na sisi. Ndani yake kuna programu inayoongoza nyingine zote. Tunaiita Mwangalizi. Yeye ndiye anayesema nani aingie, nani asubiri, nani atolewe."

"Kumbe ni stesheni masta!" akasema Mwinshehe. "Reli ni moja, treni ni nyingi. Bila kibali chake hutoki, hata ukipiga honi mpaka jioni."

Urbanus alicheka mpaka akafuta machozi. Tangu siku ile, mtafiti yeyote aliyemwuliza alijibiwa kwa mfano huo wa Mwinshehe.

Meza yake ilikuwa mwisho wa baraza ya kituo. Hapo watafiti walileta fomu zao. Alizitoboa takwimu kwenye kadi, akazipitia mara ya pili kutafuta kosa, akazipanga, kisha mbele akaweka kadi chache za Mwangalizi, za kumwambia kazi hii ni ya nani, inataka programu ipi, ipewe dakika ngapi na karatasi ngapi. Juu ya bunda alichora mstari wa mshazari kwa ile kalamu nyekundu, ili kadi zikianguka aweze kuzirudisha katika mpango wake. Mara moja kila mwezi alipanda treni kwenda Dar es Salaam, sanduku juu ya magoti. Hakuliweka kamwe kwenye rafu ya mizigo. Alilipitisha kwenye kidirisha cha chumba cha mashine, akangoja siku moja, pengine tatu, akarudi na karatasi ndefu zilizokunjwa.

Mara nyingi karatasi zilirudi zimejaa makosa. Nukta moja ikikosekana, Mwangalizi aliitupa kazi nzima na kumwita mwingine. Watafiti waliosoma nchi za mbali walipiga meza kwa hasira, na Urbanus aliwaambia kwa upole, "Bwana, mashine haikukukataa wewe. Imeikataa kadi ya pili. Hebu tuitazame." Mwaka 1974 Mwangalizi yule aliondolewa, akawekwa mwingine mwenye sheria mpya, na kadi zote za mbele zikawa hazifai. Wiki sita hakuna kazi iliyotoka salama. Urbanus akaandika maelezo ya kurasa nne kwa Kiswahili, akayachapa kwa stensili, akakaa na kila mtafiti mmoja mmoja mpaka akaelewa. Wakati huo huo serikali ikazuia kuingiza kompyuta nchini, na tumaini kwamba siku moja Kilosa ingepata mashine yake likaisha. "Basi tutaendelea kupanda treni," akasema.

Kulikuwa na amri moja iliyobandikwa kando ya kile kidirisha: mhudumu asiguse takwimu za mwenye kazi. Mwenye kazi akileta upuuzi, upuuzi huo uingie mashinani na utoke kama ulivyo. Inasemekana zamani karani mmoja alisahihisha namba aliyoiona ya ajabu, kumbe ilikuwa sahihi, akaharibu jaribio la mwaka mzima. Urbanus aliishika amri hiyo kama alivyozishika zile za kanisani.

Sasa, baba yao Danieli naye alikuwa na utumishi wake. Kule milimani, Mahonge ya zamani, palipokuwa na kanisa dogo la mawe, bwana shamba alimpa mwaka 1958 kipimamvua: kopo la bati lenye faneli, na chupa ya kioo yenye mistari. Kila siku saa tatu asubuhi Danieli alipima, akaandika. Mwisho wa mwezi fomu ilikwenda Kilosa: Mahonge, namba kumi na nne. Hakulipwa kitu, wala hakukosa siku hata moja. Alisema mvua ni ya Mungu, na kuihesabu kwa uaminifu ni namna ya kushukuru. Kwa hiyo kila mwezi Urbanus alitoboa kadi kutoka kwenye mwandiko wa baba yake mwenyewe.

Septemba 1974 ikaja Operesheni Vijiji, amri ya kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa. Watu wa Mahonge wakateremshwa bondeni, kando ya reli. Walibeba milango, mawe ya kusagia, kengele ya kanisa. Danieli alikifukua kipimamvua chake, akakitia begani, akashuka nacho. Kwenye fomu imeandikwa "kipimamvua cha Mahonge", na Mahonge sasa ilikuwa bondeni, jina ni lile lile. Asubuhi iliyofuata, saa tatu, alikuwa akipima, kabla hata nyumba yake haijaezekwa. Kukiacha mlimani kungekuwa kama mlinzi kuacha lindo. Nani angemwambia vingine?

"Wenzenu wakihama huacha jina la kijiji," Mwinshehe aliwacheka siku ile, akiwatazama wakipita na mizigo. "Ninyi mmelibeba kichwani kama chungu!"

Watu walicheka, maana walikuwa wamechoka na walihitaji kucheka.

Lakini mlimani mvua ilikuwa nyingi, bondeni ilikuwa haba, karibu nusu yake. Programu ya kule Dar es Salaam haikujua habari za milima. Ilijua namba kumi na nne tu. Ikachukua miaka kumi na sita ya mlimani, ikaichanganya na miezi ya bondeni, ikatoa wastani mzuri ajabu. Karatasi ikasema Mahonge ina mvua ya kutosha mahindi ya muda mrefu, yale yanayochelewa kukomaa. Wilayani waliiamini karatasi ya mashine kuliko mtu yeyote mwenye macho. Mbegu ya mahindi ya muda mrefu ikaletwa, ikapandwa katika shamba la kijiji. Mwaka 1975 mahindi yalikauka yakianza kutoa mbelewele. Mwaka 1976 yakakauka tena. Watu wakala unga wa njano wa msaada, ule walioupa jina la Yanga.

"Kopo la Danieli linakunywa mvua," wakaanza kusema. Kwanza ilikuwa mzaha. Kisha mzee akipita, watu walinyamaza. Siku moja Costancia alimsikia mama mmoja kisimani akisema, "Mcha Mungu gani anayepima mvua yetu, nayo haionekani?" Danieli mwenyewe aliyasikia. Alizidisha kusali, na saa tatu akapima.

Krismasi ya 1976 Urbanus alikuja nyumbani. Hakula vizuri. Baada ya misa alimwita Costancia mpaka ukingo wa mto Mkondoa, akamweleza yote. Alikuwa ameliona kosa tangu Machi 1975, siku aliyotoboa fomu ya Februari na kuona kwamba tangu kuhama mvua imeshuka kila mwezi. Karani mwingine angedhani ni ukame. Yeye alijua kwamba mvua haikupungua, kilichohama ni kopo.

"Umejua karibu miaka miwili?" Costancia akauliza.

"Amri inasema tusiguse takwimu."

"Kaka, usinidanganye. Si amri hiyo tu."

Urbanus akasema, "Ningesema, wangeuliza nani alikihamisha kipimamvua. Baba amekitunza karibu miaka ishirini. Ndicho alichobaki nacho. Ningewezaje kumwandika baba kuwa ndiye aliyeleta njaa?"

Costancia alikuwa amechoka, na njaa humfanya mtu awe na ulimi mbaya. Alisema maneno ambayo angetoa chochote ayarudishe. "Unamfichia mzee aibu, na mzee mwenyewe anakula Yanga. Watoto wangu darasani wanasinzia kwa njaa, na wewe umevaa shati la pasi. Nenda ukaiambie mashine yako. Usirudi hapa mpaka umeiambia."

"Nitakwenda," akasema. "Ila niahidi jambo moja. Baba asijue. Nitairekebisha kwenye kadi, mlimani namba moja, bondeni namba nyingine, yaishe."

Akamwahidi.

Yaliyofuata Costancia aliyajua kwa barua moja aliyoletewa na Mwinshehe, na mengine kwa kuambiwa baadaye. Urbanus alirudi kazini, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Lupakisyo, mkuu wa utafiti wa mazao, mtu wa Tukuyu, mkali lakini mwenye haki. Akamweleza kosa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ni amri ya kazi, mzee. Mhudumu haigusi kazi ya mwenyewe."

"Amri ile inafunga mkono, Urbanus. Haifungi mdomo."

Urbanus aliyaandika maneno hayo katika barua, akayapigia mstari.

Lupakisyo akampa ruhusa kwa maandishi. Hesabu yenyewe hata kwa penseli ingewezekana, lakini wilayani hawangebadili mgawo wa mbegu kwa penseli ya mtu. Walitaka karatasi ya mashine, na kikao cha mbegu kilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Januari. Urbanus akatoboa upya kadi zote za namba kumi na nne tangu 1958. Za bondeni akazipa namba sitini na mbili. Alikuwa katika kadi za mwisho homa ilipomshika, na wiki hiyo hiyo mvua kubwa zikaikata reli pande mbili, juu ya Kilosa na chini yake.

"Pumzika," Lupakisyo akamwambia. "Tutapeleka mwakani."

"Mwakani watakuwa wamekula nini, mzee?"

Akalifunga sanduku kwa turubai, akameza vidonge, akapanda lori la magogo kupitia kijiji cha Ulaya hadi Mikumi, ili apate gari la kwenda Dar es Salaam katika barabara kuu. Mama Joha, mwenye nyumba ya wageni pale Mikumi, alisimulia kwamba aliteremka akitetemeka, na hakukubali kulala mpaka alipompata dereva wa lori lililotoka Iringa. Alimkabidhi sanduku na barua ya kidirishani. Alimwambia, "Ndugu, weka ndani kwako, usiweke nyuma." Dereva akaahidi. Ndipo Urbanus akajilaza. Kesho yake aliweweseka, akitaja namba.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya lile swali la Costancia pale uwanjani.

Danieli aliposhushwa kutoka juu ya paa na kuambiwa, hakupiga kelele. Aliuliza, "Alipata sakramenti?" Mwinshehe akasema hajui. Mzee akaingia kanisani peke yake, akafunga mlango.

Jumatano asubuhi mapema Mwinshehe alikuja kumwita Costancia. Simu za reli zilikuwa bado nzima, na Bwana Lupakisyo alikuwa upande wa pili, Kilosa. Sauti yake ilikuja kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Pole sana, mwalimu. Mwili tumeupata. Gari litafika Kilosa, kutoka hapo watu wa reli watatupa kiberenge hadi mahali njia ilipokatika. Halafu mtabeba."

"Asante, mzee. Na sanduku?"

Costancia akausogeza mkono wa simu karibu zaidi na sikio.

"Limefika," Lupakisyo akasema. "Lakini kuna mahali dereva alilihamishia nyuma ili apakie abiria. Mvua ikaingia. Kadi zimevimba, mwalimu. Mashine haikuweza kuzimeza hata kumi. Nimewaomba waahirishe kikao cha Ijumaa, wamekataa. Nitazitoboa upya mimi mwenyewe, lakini mgawo wa mwaka huu umekwisha. Mbegu zimo ghalani."

Costancia akarudisha simu mahali pake. Mwinshehe, aliyekuwa amesikia yote, akasema taratibu, "Basi mtapewa yale yale tena."

"Yale yale."

Alirudi nyumbani kwa njia ya reli, akihesabu mataruma ili asifikiri. Kama angeshika ahadi yake, mzee angebaki na heshima ya kopo lake, na kijiji kingepanda mahindi ya kukauka mara ya tatu. Kama angeivunja, angemwumiza baba siku ile ile ya kumzika mwanawe. Alimwomba Mungu amwonyeshe njia ya tatu. Hakuonyeshwa.

Saa tatu ilipofika alimkuta Danieli nyuma ya nyumba, amepiga magoti kwenye kipimamvua. Alikuwa amevaa tayari kanzu yake ya ukatekista. Aliinua chupa usawa wa jicho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Milimita kumi na moja." Akaandika kumi na moja kitabuni, akakausha kalamu kwenye kidole. "Sema. Naona una neno."

Akamwambia. Hakupunguza wala hakupamba, alieleza habari za namba kumi na nne, mlima na bonde, mahindi, kadi na sanduku lililolowa. Mzee alisikiliza akiwa bado amepiga magoti. Alipomaliza, ndege walikuwa wakilia juu ya paa, na mahali fulani mtoto alikuwa akikohoa.

"Urbanus alijua?"

"Alijua, baba."

"Akanificha."

"Alikuonea huruma."

"Huruma," mzee akarudia, kana kwamba ni neno la lugha ngeni. "Na wewe pia ulinificha?"

"Mwezi mmoja. Nilimwahidi."

Danieli akajaribu kusimama. Costancia akamshika mkono. Mzee akamwegemea kwa uzito wake wote, na uzito huo ulikuwa mdogo sana.

"Mimi nilidhani," akasema, "nilidhani nimekitunza."

Akainama, akarudisha chupa ndani ya kopo.

Saa tisa alasiri watu walikwenda kuupokea mwili. Padre hakuweza kufika kwa sababu ya maji, kwa hiyo Danieli mwenyewe ndiye angemzika mwanawe. Kiberenge kilikuja kikisukumwa na vibarua wa reli, jeneza limefungwa kwa kamba, Bwana Lupakisyo akitembea kando yake, viatu mkononi. Wanaume wakalichukua jeneza mabegani, wakavuka mahali tuta lilipobomoka, maji yakiwafika viunoni.

Mwinshehe alikuwa mbele kushoto. Mtani ana wajibu wake wa kutania hata msibani. Akapaza sauti, "Watu wa Mahonge! Mlihama na milango, mkahama na jina, leo mnahama na maiti pia? Lini mtakaa mahali pamoja?" Baadhi ya wanawake wakacheka huku wakilia, kama ilivyo desturi. Kisha sauti ya Mwinshehe ikavunjika, na mtu mwingine akaja kumpokea mti wa jeneza.

Makaburini Danieli alisoma sala zote kwa sauti isiyotetemeka. Alipofika mahali ambapo katekista humwelezea marehemu kwa ufupi, alikifunga kitabu.

"Mwanangu amekufa akiipelekea serikali habari ya kosa," akasema. "Kosa si lake, ni langu. Mvua iliyoandikwa kwa jina letu ni mvua ya kule juu. Mimi nilikichukua kipimamvua nikashuka nacho bila kumwuliza mtu, na hesabu zikachanganyika. Ndiyo maana tunapewa mahindi ya mlimani tukiwa bondeni. Yeye aliliona, akanyamaza kwa ajili yangu. Mmekula Yanga miaka miwili kwa sababu ya uaminifu wangu usio na akili. Naomba msamaha kwa Mungu na kwenu. Mbegu itakayoletwa ni ile ile. Itakauka. Bondeni hapa pandeni mtama."

Kasian, mwenyekiti wa kijiji, alisogea karibu akanong'ona, lakini walio mbele walimsikia. "Mzee Danieli, hayo ni mambo ya mkutano wa kijiji. Hapa ni makaburini. Nami nimepewa maagizo ya kupanda mahindi."

"Huu ndio mkutano niliopewa mimi, ndugu mwenyekiti."

Kasian akamtazama Bwana Lupakisyo, akitumaini kusikia akikanusha. Lupakisyo akasema, "Anayosema mzee ni kweli. Karatasi itakuja mwakani. Ukweli ni huo leo."

Yule mama wa kisimani alijifunika uso kwa kanga. Kutoka nyuma mzee mmoja akasema kwa hasira, "Miaka miwili, Danieli!" Danieli akajibu, "Ndiyo, miwili." Hatimaye Kasian akavua kofia yake, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza habari ya njia, "Nani bado ana mbegu ya mtama nyumbani?" Mikono saba ikainuka. Haikutosha kijiji. Kasian akaihesabu mara mbili, akasema wataonana kesho.

Kisha wakamzika Urbanus. Jeneza lilishushwa kwa kamba nne. Danieli alilinyunyizia maji ya baraka, akatupa udongo wa kwanza. Costancia akafuata. Alikuwa ametayarisha moyoni maneno ya kumwomba kaka yake radhi, lakini alipofika ukingoni hakuweza kuyasema, akatupa udongo tu, akaondoka kumpisha Bwana Lupakisyo. Vijana wakafukia kwa zamu. Mvua ikaanza kunyesha, wakaharakisha. Msalaba ulikuwa wa mninga, jina lake limechomwa kwa moto pamoja na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Wanawake waliimba wimbo mmoja, na kwa sababu ya mvua hawakuimba wa pili. Danieli alifunga kwa sala ya marehemu, akafanya ishara ya msalaba, na watu wakatawanyika.